Hakimu Aliyestaafu: Sarafu Kongwe za Uwanda wa Kati na Swali la Thamani

Sarafu ina mambo matatu ndani yake: madini, chapa, na imani ya watu wanaoipokea. Madini hupimwa kwa mizani na chapa husomwa kwa macho, lakini imani haishikiki. Serikali iliyopiga chapa inapoanguka, sarafu yaweza kubaki na uzito wake wote na bado ikashindwa kununua kibaba cha uwele. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Mpwapwa hadi Kilimatinde na kutoka Kondoa hadi Iramba, fedha ilibadilishwa mara kadhaa kati ya mwaka 1890 na 1966, na kila badiliko liliacha nyuma sarafu zisizo na kazi. Sarafu hizo kongwe zinaibua maswali mawili. Thamani hukaa wapi hasa? Na je, ni halali kuhifadhi ndani kitu kilichotengenezwa ili kizunguke?

Wanafalsafa wa kale waliligusa swali la kwanza mapema. Aristotle alieleza kwamba jina la Kigiriki la fedha linatokana na neno lenye maana ya sheria au desturi, kwa kuwa fedha haipo kwa maumbile. Watu wameiweka, na watu hao hao wanaweza kuiondoa. Imam Ghazali (1058–1111), katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din, alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye, dinari na dirhamu ni mfano wa mahakimu. Hazina faida kwa nafsi zake. Hazilishi wala hazivishi. Kazi yake ni kuamua kati ya vitu visivyolingana, kama ngamia na zafarani, ili kila kimoja kijulikane kinastahili nini. Kutokana na hoja hiyo, Ghazali alimhukumu vikali mwenye kulimbikiza fedha: anafanana na mtu aliyemfunga hakimu gerezani, watu wakabaki bila wa kuwaamulia. Hukumu hiyo ndiyo ambayo kila mkusanyaji wa sarafu anapaswa kuijibu.

Kabla ya sarafu, uwanda wa kati ulikuwa na mahakimu wa aina nyingine. Katika Ugogo mali ilikuwa ng'ombe. Mahari ilihesabiwa kwa mifugo, fidia ililipwa kwa mifugo, na mtu aliyeweka ng'ombe wake kwa jirani alikuwa amewekeza katika undugu na pia katika kinga dhidi ya ukame. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ililazimika kupita Ugogo, mahali ambapo maji yalikuwa machache na watemi waliyamiliki. Msafara ulilipa hongo kwa kila mtemi kabla ya kuruhusiwa kupita. Burton na Speke walilipa mwaka 1857, na Stanley alilipa mwaka 1871. Malipo yalikuwa doti za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Katika biashara hiyo kipande cha fedha hakikuwa na ufasaha. Mwenye maji alitaka nguo inayovaliwa.

Desturi hiyo ilikuwa na falsafa ndani yake. Aristotle aliona kwamba fedha ni tasa, haizai, na kwa sababu hiyo aliipinga riba. Wagogo hawakuhitaji kuambiwa hivyo: mali yao ilizaa. Ng'ombe aliyekopeshwa alirudi na ndama, na ndama huyo hakuwa amenyonywa kutoka kwa mtu yeyote. Sarafu ilipofika ilileta mali ya aina mpya, inayohifadhika bila malisho na kufichika bila zizi, ila isiyoongezeka mpaka itoke mfukoni mwa mtu mwingine.

Sarafu zilitangulia pwani kwa karne nyingi. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtumainia Mwenyezi Mungu upande wa pili, pande mbili zikikutana kwa vina. Nyingi hazina tarehe wala thamani iliyoandikwa. Hakuna picha ya mtu, kwa kufuata njia iliyowekwa na Khalifa Abd al-Malik, ambaye mnamo mwaka 77 wa Hijria (696–697) alianzisha dinari zenye maandishi matupu. Kwa watawala wa Kilwa chapa ilikuwa kiapo: jina la mfalme halikusimama peke yake, liliegemea jina la Mola wake. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, ilipatikana Zimbabwe Kuu, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka ilikopigwa.

Karne ya 19 fedha iliyoaminiwa zaidi katika biashara ya Zanzibar ilikuwa reale. Watu waliitofautisha kwa majina: reale ya mzinga ilikuwa ya Hispania, ambayo nguzo zake zilionekana kama mizinga, na reale ya Sham ilikuwa ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Reale ya Sham ina uzito wa gramu 28.07, na sehemu 833 kati ya 1000 ni fedha safi. Imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Lakini viwanda vya Ulaya viliendelea kuipiga kwa karne mbili zilizofuata, vikiandika mwaka ule ule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki waliizoea sura hiyo na kuikataa nyingine.

Hapa pana fumbo la kimaadili lenye uzito. Sarafu iliyopigwa mwaka 1850 na kuandikwa 1780 inasema jambo lisilo kweli. Hata hivyo haikumdhulumu aliyeipokea, kwa kuwa uzito na usafi wa madini yake havikupunguzwa. Tarehe yake ilikuwa imegeuka alama ya ahadi: kilichomo humu ni kile kile ulichokizoea. Kinyume chake, sarafu yenye tarehe sahihi na madini yaliyochanganywa kwa siri ni udanganyifu mtupu. Kwa hiyo ukweli wa sarafu haukai katika maandishi peke yake. Uko katika ulinganifu kati ya anachoahidi mpigaji chapa na anachopata mpokeaji. Sura ya 83 ya Qurani inawaonya wanaopunja vipimo, na manabii wa Agano la Kale, kama Amosi, walikemea mizani ya hila. Picha ya mizani yenyewe imo katika sarafu: Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ya Waingereza iliipiga kwenye sarafu zake za shaba za Bombay pamoja na neno la uadilifu, na Seyyid Barghash aliiweka kwenye pesa zake za shaba za mwaka 1299 wa Hijria (1882). Neno pesa lenyewe lilitoka Uhindi kupitia sarafu ndogo za shaba kama hizo.

Uwanda wa kati uliingizwa katika ulimwengu wa sarafu kwa nguvu ya dola. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na rupia za fedha zenye sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma. Rupia hiyo ililingana na ile ya Uhindi kwa uzito, karibu gramu 11.66, na ilikuwa sawa na pesa 64. Kuanzia 1904 hesabu ilibadilishwa: rupia moja ikawa heller 100, na rupia 15 zikawa sawa na marki 20 za Ujerumani. Mwaka 1898 ilianza kodi ya kibanda, ambayo kwa nyumba za mashambani ilikuwa rupia 3. Mtu aliyekuwa na ng'ombe, mtama na uwele alilazimika kutafuta rupia, ama kwa kuuza mfugo, ama kwa kubeba mizigo, ama kwa kibarua cha reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912.

Wakristo wa kwanza wa Mpwapwa na Mvumi, waliofundishwa na wamisionari wa Kianglikana walioanza kufika katika miaka ya 1870, walikuwa na habari ya Injili inayolingana kabisa na hali yao. Yesu alipoulizwa kuhusu kodi ya Kaisari aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyomo ni ya nani. Jibu lake limefasiriwa kwa karne nyingi. Tertullian, mwanateolojia wa Kartago wa mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa ya 3, alilifafanua hivi: kinachobeba sura ya Kaisari ni sarafu, na kinachobeba sura ya Mungu ni mwanadamu, kila kimoja kirudi kwa mwenye sura yake. Rupia ya Wilhelm ilifanya ufafanuzi huo uonekane kwa macho. Dola ilikuwa na haki ya kudai kipande chenye sura ya Kaizari. Ilipodai pia mwili wa mbebaji, ng'ombe wa mjane na akiba ya ghala, ilivuka mpaka na kuchukua kisichokuwa na chapa yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta mtihani mkubwa zaidi. Koloni lilikatwa na Ulaya, na fedha ikaadimika. Mwaka 1916 Wajerumani walifungua kiwanda cha kufulia sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora. Heller 5 na heller 20 zilipigwa kwa shaba iliyopatikana vitani, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Pamoja nazo zilipigwa sarafu 16,198 za dhahabu za rupia 15, upande mmoja tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka Sekenke huko Iramba, katika mkoa wa Singida wa leo. Hiyo ndiyo sarafu pekee ya dhahabu ya enzi ile iliyozaliwa na udongo wa uwanda wa kati wenyewe, na leo ndiyo inayotafutwa zaidi na wakusanyaji.

Uzito wake unafundisha. Ina gramu 7.168, lakini robo tatu tu ndiyo dhahabu safi, yaani kama gramu 5.38. Marki 20 za Ujerumani, ambazo rupia 15 zilisemekana kuwa sawa nazo, zilikuwa na dhahabu safi gramu 7.17. Kwa hiyo hata dhahabu ya Tabora ilidai zaidi ya ilichokuwa nacho. Pengo lilijazwa na amri. Heller za shaba nazo zilikuwa amri karibu tupu. Kondoa ilikwisha kutekwa Aprili 1916, Dodoma ikafuata mwishoni mwa Julai, na Tabora yenyewe ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Chapa ya tai ikabaki bila wa kuitetea.

Ndipo likafuata janga ambalo Wagogo wanalikumbuka kwa jina la Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakatika. Maelfu ya watu walikufa. Katika hali hiyo fedha ya aina yoyote, ya Mjerumani au ya Mwingereza, haikuweza kununua nafaka isiyokuwepo. Hakimu wa Ghazali alikuwa ameketi barazani, ila vitu vya kuamuliwa havikuletwa mbele yake. Hiyo ndiyo hukumu ya mwisho juu ya fedha kama mali: inagawa kilichopo, haikiumbi.

Baada ya vita Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilileta florin, kisha shilingi ya mwaka 1921 yenye simba na milima. Shilingi hiyo ilikuwa na robo tu ya fedha, na mwaka 1948 fedha ikaondolewa kabisa, watu wakaendelea kuipokea bila kusita. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na sarafu zake za kwanza zilibeba sura ya Mwalimu Nyerere: senti 5 ikiwa na samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja mwenge. Madini yalikuwa yamekwisha kuaga, na imani ndiyo iliyoachwa ibebe mzigo wote. Heller nayo haikupotea. Kila Mtanzania anayesema hana hela analitamka jina la sarafu ya koloni lililokufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kilichodumu kuliko chapa na kuliko madini ni neno.

Historia hiyo inaleta jibu la swali la pili. Kisa cha vijana wa pangoni, ambacho Waislamu wanakisoma katika Sura ya al-Kahf na Wakristo wa kale walikisimulia kama habari za vijana saba wa Efeso, kinahusu sarafu kongwe. Vijana walioikimbia ibada ya sanamu walilala miaka mingi. Walipoamka walimtuma mmoja wao mjini na kipande cha fedha akanunue chakula. Wafasiri wa dini zote mbili wanaeleza kwamba muuzaji alishangaa alipoiona chapa ya mfalme wa zamani, na hapo ndipo muda waliolala ukajulikana. Sarafu ile haikuwa tena na uwezo wa kuamua bei. Badala yake ilitoa ushahidi ambao hakuna kinywa kingeweza kuutoa peke yake.

Hapo ndipo tofauti inapopatikana. Sarafu inayozunguka ni hakimu aliye kazini. Anayeificha kwa wingi huku wengine wakiihitaji ameifunga haki. Sarafu iliyoondolewa katika mzunguko ni hakimu aliyestaafu. Hawezi tena kuamua kesi, lakini anajua kesi zote zilizopita mbele yake, na anayempa kiti nyumbani kwake ili amsikilize hajamfunga. Anamtunza shahidi. Hukumu ya Ghazali haimwangukii mkusanyaji wa heller za Tabora au senti za 1966.

Hata hivyo baadhi ya mahakimu hawa hawajastaafu kikamilifu. Dhahabu na fedha, kwa fiqhi ya Kiislamu, hubaki mali yenye haki ya maskini ndani yake hata chapa ikifa. Mwenye dhahabu inayofikia nisabu ya dinari 20, yaani karibu gramu 85, au fedha ya dirhamu 200, karibu gramu 595, akikaa nayo mwaka mzima anawajibika kutoa zaka ya sehemu moja ya arobaini. Reale 26 za Sham zina fedha safi gramu 608. Mkusanyaji mwenye idadi hiyo amekwisha vuka mpaka. Kubadilishana nako kuna masharti: dhahabu kwa dhahabu ni lazima zilingane uzito na zikabidhiwe papo hapo, hata kama moja ina tembo wa Tabora na nyingine ni pete. Anayeutaka ukongwe wa sarafu na ainunue kwa shilingi, bei ikiwa wazi. Upande wa Injili, mfano wa talanta iliyofukiwa ardhini unamlaumu aliyeipokea amana akaifanya isimfae mtu. Sarafu iliyofungiwa sandukuni, isiyoonyeshwa wala kuelezwa kwa mtoto yeyote, imefukiwa mara ya pili.

Kosa kubwa kuliko yote katika eneo hili halifanywi na wakusanyaji waliotulia. Hufanywa na wachimbaji. Imeenea imani kwamba Wajerumani walipokimbia walizika hazina na kuacha alama kwenye miamba. Kwa ajili ya imani hiyo mashimo yamechimbwa hata katika mapango ya michoro ya Kondoa, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, likiwemo pango la Mungumi wa Kolo, ambamo wenyeji wamekuwa wakifanya matambiko. Mchimbaji huyo huharibu tabaka za udongo zenye historia ya maelfu ya miaka ili atafute rupia yenye umri wa miaka mia moja na kidogo, na hukanyaga mahali pa ibada ya wengine.

Dini hazimwachi bila mwongozo. Wanafiqhi walio wengi hutazama chapa ya mali iliyopatikana ardhini. Ikiwa ni ya zama za kabla ya Uislamu, ni rikazi, na khumsi yake, yaani sehemu moja ya tano, hutolewa. Ikiwa ina alama za zama za Waislamu, ni mali iliyopotea, nayo hutangazwa mwaka mzima kwa sababu huenda mwenyewe au warithi wake wapo. Kwa kanuni hiyo, chungu cha rupia kilichozikwa na mwanakijiji mwaka wa vita hakikosi mwenyewe. Wajukuu wake huenda wanalima shamba lile lile. Sheria ya nchi nayo, ile ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 na inataka kibali kwa uchimbaji. Sarafu ya Kilwa au reale ya kale iliyoibuka ardhini haiwi mali ya aliyeiokota kwa sababu tu ameiona yeye kwanza.

Kutokana na hayo, wajibu wa mkusanyaji unaeleweka. Ajue sarafu ilipotoka na aandike: kijiji, mwaka, na jinsi ilivyopatikana, kwa kuwa shahidi asiyejulikana kwao ushahidi wake hupungua nguvu. Asiisugue kwa ndimu wala mchanga ili ing'ae. Kutu ya juu ni sehemu ya umri wake, na ikiondoka hairudi. Akipata nakala za kughushi aziite kwa jina lake hata kama amezinunua kwa bei ya sarafu halisi, kwa maana kumuuzia mwingine ni kurudia dhuluma. Asinunue kutoka kwa mchimbaji wa mapangoni, kwa sababu mnunuzi ndiye anayelipia jembe.

Thamani ya sarafu kongwe, basi, haikai katika madini, ambayo hata Tabora yalipungua. Wala katika chapa, ambayo ilianguka pamoja na dola. Inakaa katika uaminifu wa anayeishika. Mwenye heller moja ya shaba, anayejua ilipotoka na kumweleza mwanawe habari za Mtunya, ana mali kuliko mwenye dhahabu ya Sekenke aliyoipata kwa kuvunja pango. Kila aliye na sarafu ya babu yake ndani ya nyumba na aiandikie historia yake leo, kabla anayeikumbuka hajaondoka.